Mwenye duka kuwa meya? Mbona yupo, babake Thatcher

Mdau umeuliza kama kuna muuza duka wa kawaida aliyewahi kupanda akawa meya, mcheki Alfred Roberts wa Grantham, Uingereza, babake Margaret Thatcher, yule aliyekuja kuwa waziri mkuu wa Uingereza. Jamaa aliacha shule na miaka 13 tu, mwaka 1919 akanunua duka la vyakula pale kona ya North Parade, familia ikaishi juu ghorofani, choo kiko nje na maji ya moto ya bomba hamna. Chai na sukari zilikuja kwa jumla wakawa wanapima na kufunga wenyewe dukani, yaani kama kwa mangi kabisa.

1927 akaingia baraza la mji, akashika kamati ya fedha miaka na miaka, na mimi naona hapo ndo duka lilimjenga maana mtu aliyezoea kuhesabu senti hadanganyiki na bajeti. Umeya alipata 1945 mpaka 46.

Ila sasa, kulikuwa na cheo cha alderman, diwani mwandamizi, anayechaguliwa na madiwani wenzake sio wananchi. Alikipata 1943, halafu chama pinzani cha Labour walivyopata wingi kwenye baraza wakamtoa 1952, pamoja na utumishi wote ule. Akavua joho akaondoka kwa heshima zake. Binti yake, yule aliyeitwa Iron Lady (mama wa chuma) mwenyewe, alitokwa machozi kwenye TV mwaka 1985 akisimulia hiyo siku, na ilishapita miaka zaidi ya 30 ila ilikuwa bado inamuuma.