«Hide Away» ya Freddie King
Umeuliza kwa nini wanafunzi wengi wa gitaa la bluzi hupewa kibao hiki kisicho na uimbaji. Freddie King, mpiga gitaa wa bluzi wa Marekani, alikirekodi mjini Cincinnati, Marekani, mwaka 1960, akakipa jina la kilabu kimoja cha Chicago, na ndani yake akaunganisha vipande vya asili mbalimbali, kikiwemo kimoja kilichotokana na mpiga gitaa wa bluzi Hound Dog Taylor na kingine kutoka muziki wa tamthilia ya televisheni «Peter Gunn», hivyo anayekijifunza hupata mitindo kadhaa kwa mkupuo. Mpiga gitaa Mwingereza Eric Clapton alikipiga upya katika albamu ya mwanamuziki wa bluzi wa Uingereza John Mayall ya mwaka 1966, akakifikisha kwa vijana wa Uingereza; lakini nakusihi uanze na King mwenyewe, kwa sababu alijua kunyamaza kati ya noti.