Maswali ya Wasomaji: Mke Aliyefungiwa Ghorofani

SWALI: Mhariri, katika kikundi chetu cha usomaji kila tunapojadili usawiri wa wanawake, mwenzetu mmoja hushikilia kwamba uhakiki wa kifeministi ni kuvitafutia makosa vitabu vya zamani, na kwamba mwandishi akiwa mwanamke lawama hizo hazina msingi. Je, ni kweli?
Mpenzi wa Fasihi

JIBU: Ndugu msomaji, mwenzenu anadhani kwamba mhakiki wa kifeministi huhesabu wahusika wa kike wema na wabaya. Kazi yake hasa ni kuuliza ni nani anayemtazama mwanamke, ni nani anayemsimulia, na yeye mwenyewe ameachiwa aseme nini.

Chukueni Jane Eyre, riwaya ya Charlotte Brontë iliyochapishwa mwaka 1847 kwa jina la kubuni la Currer Bell, ambalo halikumtambulisha mwandishi kuwa mwanamke wala mwanamume. Jane anasimulia maisha yake mwenyewe na hakubali kudharauliwa. Ni mhusika ninayempenda sana. Lakini katika ghorofa ya juu ya nyumba ile ile anamofanya kazi, amefungiwa Bertha, mke wa ndoa wa Rochester, mwenye nyumba hiyo na mwajiri wa Jane. Kutoka kwake tunasikia vicheko, miguno na ukelele, huku habari za ndoa yao tukizipata kinywani mwa mume aliyemfungia. Hata Jane, anapopelekwa kumwona, anaeleza kiumbe kinachotambaa kwa miguu minne, asijue mara moja kama ni mnyama au binadamu. Mwanamke mmoja amepata sauti, na mwingine, katika kitabu hicho hicho, amenyang'anywa.

Mwaka 1979 wahakiki Sandra Gilbert na Susan Gubar walieleza kwamba waandishi wa kike wa karne ya 19 walirithi picha mbili zilizochorwa na wanaume, yaani mwanamke malaika na mwanamke zimwi, na kwamba ndani ya Bertha imefichwa hasira ambayo Jane asingeweza kuionyesha hadharani. Maelezo hayo yana nguvu, ingawa mimi naona yanamwacha Bertha akiwa kivuli cha mwenzake. Jean Rhys, mwandishi mzaliwa wa Dominica, kisiwa cha Karibi, alikuwa amekwisha kumpa Bertha nafsi yake kamili mwaka 1966 katika riwaya yake Wide Sargasso Sea: humo ana utoto, ana hofu zake, na jina lake ni Antoinette, hilo la Bertha anabandikwa na mumewe.

Kwa hiyo jinsia ya mwandishi haitoshi kuwa kinga, kwani naye alijifunza kusoma katika vitabu vile vile alivyovikuta. Filamu nazo zimeulizwa swali hilo hilo tangu mhakiki wa filamu Laura Mulvey alipoandika, mwaka 1975, kwamba kamera humtazama mwanamke kwa jicho la mwanamume.

Mtakapokutana tena, mwombeni mwenzenu asome kwa sauti sura ya 26 ya Jane Eyre, kisha atafute humo neno moja tu ambalo Bertha amepewa kulitamka.