Giverny kwa siku moja kutoka Paris
Kwenda Giverny, kijiji cha Ufaransa alikoishi mchoraji Claude Monet, na kurudi Paris siku hiyo hiyo inawezekana, ila si Desemba, kwa kuwa nyumba ya Monet na bustani zake hufunguliwa kuanzia Aprili 1 hadi Novemba 1 tu. Treni ya kwenda Vernon, mji ulio karibu na Giverny, huondoka kituo cha Saint-Lazare jijini Paris na huchukua chini ya saa moja, kisha basi humalizia kilomita chache zilizobaki. Anayetaka kuyaona mayungiyungi bwawani yakiwa yamechanua asiende Aprili, ambao ni mwezi wa tulipu, bali asubiri Julai au Agosti, ingawa msongamano huwa mkubwa. Picha zilizotundikwa katika studio ya kwanza ya Monet ni nakala. Kwangu mimi kinachovutia zaidi ni chumba cha kulia, chenye rangi ya manjano kuanzia kuta hadi makabati.