Kama ulitibiwa kansa ukiwa mtoto, tafuta rekodi zako

Nilipatikana na kansa ya figo nikiwa na miaka 4, ile inaitwa Wilms. Figo ya kushoto ikatolewa, kemo ikafuata miezi mingi, nikapona. Nyumbani hio stori haikutajwa tena juu mamangu aliogopa kuitaja ni kuiita irudi, so nimekua nikijua tu niko na kovu refu tumboni.

Saa hii niko 31. Mwaka jana nilianza kuishiwa na pumzi, napanda daraja la Roysambu nafika juu nimeshikilia chuma, wamama wenye mizigo wananipita. Nikadhani ni uchovu wa kazi. Daktari akaniuliza, "Ukiwa mdogo ulipewa kemo gani?" Nikanyamaza. Nilirudi hospitali nilikotibiwa mara tatu nikaambiwa faili za miaka hio hazipo, na hapo ndio mamangu akafungua sanduku lake akatoa daftari ya shule imejikunja pembe. Kila ukurasa tarehe, uzito wangu, na dawa vile alisikia nesi akizitaja. Mahali pengine ameandika: "dokso ile nyekundu, amekojoa nyekundu, amekula uji kidogo."

Daktari alisoma huo mstari mmoja akanituma eko ya moyo, ile picha inaonyesha vile moyo unasukuma damu. Hio "dokso" ni doksorubisini, dawa ya kemo, inaua kansa vizuri lakini inaumiza pia misuli ya moyo, na hayo madhara yanaweza kukaa kimya miaka 10, 20, ndio yaonekane. Moyo wangu ulikua unasukuma damu chini ya kawaida. Niko kwa vidonge, na daraja napanda, polepole.

Kwa hivyo tafadhali tafuta jina la kila dawa uliyopewa na jumla ya dozi. Dozi ndio inaamua mengi: ukifika jumla ya miligramu 250 za doksorubisini kwa kila mita mraba ya eneo la mwili, ama zaidi, uko kwa kundi la hatari kubwa na unafaa eko kila miaka 2 hata kama unajiskia poa kabisa. Ukipanga kupata mtoto ambia daktari kabla, juu mimba inaongezea moyo kazi. Na dada aliyechomwa miale ya kutibu kansa kifuani, uchunguzi wa matiti haungoji miaka 40, unaanza ukiwa na 25 ama miaka 8 baada ya miale, itakayochelewa kati ya hizo mbili.

Wenye figo moja kama mimi, pimeni presha na protini kwa mkojo kila mwaka, na chungeni dawa za maumivu. Juzi nimeingia kemisti mgongo unaniuma, kijana ashavuta diklofenaki kwa sindano, nikamwambia niko na figo moja. Akaiweka chini pole pole, akanipa parasetamoli. Hizo diklofenaki na ibuprofeni zinaweza kuumiza figo, na sisi hatuna ya akiba, kwa hivyo sema kabla hujaulizwa.

Na wewe mzazi uko wodi na mtoto saa hii, piga picha ile karatasi ya dawa kila awamu ya kemo, jitumie, mtumie na shangazi yake. Simu hupotea.

Mimi nimenunua daftari mpya. Jumapili mamangu alikaa kando yangu akinisomea tarehe moja moja huku naandika, na hio ndio siku ya kwanza tumewahi kuongea kuhusu hio wodi.