Gari la Kizamani Limegoma Kuwaka: Tafuta Moto Unapopotelea

Mdogo wangu unayeanza gereji hapa Mtwara, utaletewa Land Rover au Hiace ya kabureta, mwenyewe keshaamua: "Koili imekufa, fundi." Msikilize, ila usimtume dukani bado. Koili, ile inayokuza volti za betri ziwe cheche ya plagi, haifi kirahisi kama watu wanavyodhani.

Shika waya mnene unaotoka kwenye koili kuja distribyuta (inayogawa moto kwa kila plagi), chomoa upande wa distribyuta. Tumia koleo yenye mpira mzima, maana hapo panapita maelfu ya volti, na pasiwe na petroli iliyomwagika jirani. Weka ncha milimita 5 hivi kutoka kwenye chuma cha injini, mwenzako apige stata. Ikiruka cheche ya buluu yenye mlio, koili inafanya kazi. Tafuta mbele, kwenye kifuniko cha distribyuta, rota inayozunguka ndani yake, waya na plagi. Ikiwa ya njano na imelegea, au hamna kitu, rudi nyuma.

Kurudi nyuma kunataka taa ndogo ya volti 12 tu. Waya mmoja wa taa kwenye hasi ya koili, mwingine kwenye bodi, piga stata. Taa ikiwakawaka, pointi (swichi ndogo ndani ya distribyuta inayokata umeme wa koili) zinafungua na kufunga. Ikibaki inawaka muda wote, pointi hazigusani au zimeungua. Isipowaka kabisa, pima chanya ya koili kwanza: huenda umeme haufiki, shida ikawa swichi au waya.

Pointi zilizoungua kidogo zisugue kwa msasa laini, kisha weka nafasi kati yake kwa fila, vile vibati vyembamba vya kupimia. Toyota nyingi za zamani ni milimita 0.45, Land Rover zenye distribyuta ya Lucas ni 0.35 hadi 0.40. Mpya zikiungua upesi, shuku kondensa, kile kikopo kidogo kinachozuia pointi zisiungue kwa cheche.

Sasa huku kwetu pwani. Gari la Shangani au Mikindani linalolala nje likigoma alfajiri, jua likipanda likawaka lenyewe, fungua kifuniko cha distribyuta. Kikaushe kwa kitambaa, kisha kigeuzegeuze juani. Ukiona mstari mweusi mwembamba kama unywele kati ya ncha na ncha, moto umeshajipatia njia yake. Kukwangua hakusaidii, badilisha. Na ethi, waya unaounganisha betri na bodi, usiiamini kwa macho. Chumvi hula chini ya boliti huku juu panang'aa, kwa hiyo fungua, piga msasa, kaza upya. (Wenye magari hawapendi kulipia kazi hii, kwa sababu hawaoni kipuri kipya.)

Kuna lile linalozima likiwa limepata joto, tuseme limepanda Newala na mzigo, likapumzishwa likawaka tena. Hapo ndipo koili inashukiwa kwa haki, pamoja na kondensa. Lakini lipime palepale lilipozima, kabla halijapoa. Likivutwa hadi gerejini litawaka mbele yako, na mwenyewe ataondoka akidhani umelitengeneza.