Afya ya akili mtaani: tulivyofanya na klabu yetu ya joging hapa Tanga

Mkuu umeuliza kwamba mtaani kwenu Makorora kijana amejitoa uhai, wenzake wamevurugwa kabisa, nyie wachache mnataka mfanye kampeni ya afya ya akili na hamjui muanzie wapi, na kuna mtu hapo juu kakushauri mtafute mfadhili, mkodi ukumbi, mchapishe tisheti afu mngoje tarehe 10 Oktoba. Kwanza poleni sana kwa msiba, Mungu awape subira. Mi nipo Chumbageni, klabu yetu ya joging tunaifanya hii kazi kwa muda sasa, kwa hiyo nakuandikia yale niliyoyaona, ni marefu kidogo ila naomba usome yote.

Tarehe 10 Oktoba ni Siku ya Afya ya Akili Duniani, ipo tangu 1992, mkipata nafasi ya kushiriki shirikini. Ila anayeumia mwezi wa pili hawezi kungoja Oktoba, na yule hasa mnayemtafuta ukumbini haji. Akisikia spika inapita mtaani inatangaza semina ya afya ya akili anajua akionekana pale majirani watasema fulani kaanza kuchanganyikiwa, na nyie mnajua huku kwetu, mtu akishasemwa ana wazimu maneno yanamfuata mpaka siku watoto wake wanapoposwa. Sisi tunawafuata watu pale wanapokaa kila siku.

Jumamosi baada ya swala ya alfajiri tunatoka Chumbageni tunakimbia mpaka Raskazone, nyimbo na makofi kama joging zote, tukimaliza tunanyoosha viungo afu tunakaa karibu na bahari tunakunywa uji. Hapo ndo tuna dakika kama kumi za maongezi. Kuna mama muuguzi mstaafu tunakimbia nae (yeye anatembea haraka haraka), haanzi kabisa na habari ya magonjwa, anauliza tu, jamani wiki hii nani kaamka saa nane za usiku usingizi ukakata? Kimya. Kila mtu anaangalia kikombe chake. Afu siku moja bodaboda mmoja akanyoosha mkono, akasema mama mimi kila siku, pikipiki ya mkataba, siku hesabu ya tajiri haijatimia nalala naangalia bati mpaka kunakucha. Mama akamuuliza taratibu, ina muda gani hali hiyo mwanangu, chakula kinapita, mpira je, Coastal wakicheza Mkwakwani bado unakwenda? Jamaa akasema Coastal nimeacha hata kuuliza matokeo. Watu walicheka kidogo afu wakanyamaza maana wote tunamjua jinsi alivyokuwa na Coastal.

Pale mama akaeleza, na wote tukaelewa kuliko semina yoyote: ikipita wiki mbili mfululizo moyo mzito karibu kila siku, au vitu ulivyovipenda havikupi raha tena, na juu yake usingizi, hamu ya kula, nguvu za mwili na kujiona hufai, hiyo inaweza kuwa sonona, ni ugonjwa na una tiba, haimaanishi imani yako ndogo wala wewe si mwanaume. Wiki iliyofuata mwenzake wa kijiweni akampakia wakaenda wote Bombo, hospitali yetu ya mkoa. Hili la kusindikizwa naliona ndo kubwa kuliko yote, ukimwambia mtu nenda hospitali haendi, ukimwambia twende anakwenda. Na mwambieni mapema kwamba dawa za sonona zinachukua wiki kadhaa kuonyesha kazi, asizikatishe bila daktari, wengi wanatupa dawa siku ya tano wakiona hakuna mabadiliko.

Kina mama joging hawaji wengi, tuliwafuata kwenye kikoba siku ya marejesho. Huko nilikuta kitu nilichokuwa sikijui uzito wake, mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa. Mwanamke kakopa kimya kimya mumewe hajui, kila asubuhi mkopeshaji yuko mlangoni, moyo unaenda mbio, kichwa kinawaka moto, anaenda kupima presha na malaria anarudi na panadol. Huyu ukimwambia apumue ndani apumue nje bila kugusa deni unamchosha tu. Kikoba kile kilikubaliana mfuko wa jamii usiwe wa misiba na uzazi peke yake, mwenzao akibanwa na deni kama hilo wakae nae wapange namna ya kulipunguza. Mi siamini kampeni ya afya ya akili isiyogusa hela.

Wazee wako kwenye kahawa na bao, wale wana faida ambayo sisi vijana hatuna, wana muda na watu wanawaheshimu. Zimbabwe walilifanyia kazi hilo hilo, daktari anaitwa Dixon Chibanda mwaka 2006 aliwafundisha mabibi wa mtaa wa Mbare kule Harare kukaa kwenye benchi nje ya kliniki na kumsikiliza mtu, kumsaidia achague tatizo moja waanze nalo. Utafiti uliochapishwa 2016 kwenye jarida la JAMA ulionyesha baada ya miezi 6 waliokaa na mabibi wale walikuwa na dalili chache za sonona kuliko waliopata huduma ya kawaida. Sasa sisi mabaraza tunayo tayari jamani, mabibi na mababu tunao, kinachohitajika wafundishwe kusikiliza bila kukimbilia kutoa mawaidha!

Habari ya waganga na visomo, msigombane na mtu, mkigombana mmepoteza familia nzima. Sisi tunasema kisomo kiendelee na hospitali aende. Shekhe wa msikiti wetu anatusaidia sana, akimaliza dua anaiambia familia kesho mpelekeni Bombo. Kuna watoto wa kifafa wanakaa miaka nyumbani wakisemwa wana jini, na kifafa kina dawa, kliniki za afya ya akili zinakihudumia. Pale tunapokaza ni kwenye kumfunga mtu minyororo, kumnyima chakula au kumwachisha dawa, hapo hatukubali. Na mkoa wetu una Lutindi, kule milimani Korogwe, hospitali ya magonjwa ya akili iliyopo tangu enzi za Mjerumani, sasa iko chini ya kanisa la Kilutheri, KKKT, wagonjwa wanapata tiba na wanafanya kazi za shamba na za mikono, watu wa mjini wengi hawajui hata kama ipo.

Sasa hili la kijana wenu. Kwenye mikusanyiko msisimulie alivyofanya, wala mahali, wala msiseme kapumzika na shida, kuna mwingine pale anasikiliza akiwa kwenye hali ile ile. Na mama yake asiulizwe ulikuwa wapi. Wale marafiki zake wa karibu wapitieni mmoja mmoja nyumbani, muulizeni waziwazi, umewahi kufikiria kujiua? Watu wanaogopa kuuliza wakidhani wanampa wazo, hapana, kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo, wengi wanashusha pumzi kwamba hatimaye kuna mtu kauliza. Akisema ndiyo asiachwe peke yake, ondoeni karibu yake vitu vya hatari, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo hata kama ni usiku. Mtakutana na kikwazo cha sheria, Kanuni ya Adhabu kifungu cha 217 inasema kujaribu kujiua ni kosa, familia zinaficha kwa kuogopa polisi, wanasema kameza kitu kwa bahati mbaya, na daktari anatibu tumbo huku moyo haujaguswa. Mi naona kifungu hiki kinatuumiza na kingefutwa. Ila hofu hiyo isiwazuie kumpeleka mtu hospitali, uhai kwanza.

Kwa kuanza, kabla hamjasema neno lolote mtaani nendeni Bombo mkaulize kliniki ya afya ya akili ni siku gani na mtu anaanzia dirisha gani, muongee na mhudumu wa afya wa mtaa wenu na mwenyekiti, maana mkiwafungua watu mioyo afu hamna pa kuwapeleka mmewaacha pabaya. Na nyie mnaosikiliza mchoke kwa zamu, msimrundikie mtu mmoja.

Jumamosi njooni wawili watatu Raskazone, saa kumi na mbili na nusu asubuhi mtatukuta, raba tu zinatosha. Nitawakutanisha na mama muuguzi, ameshasema yuko tayari kuja Makorora kukaa na wale vijana.