Mbona wadudu wa gugu maji hawaligusi gugu hili jipya?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni katibu wa BMU, kikundi cha usimamizi wa uvuvi, kwenye mwalo mmoja Sengerema, upande wa Busisi. Ghuba yetu imefunikwa na gugu dogo lenye majani yaliyokunjika katikati, juu yana manyoya, na halitoi maua. Wazee wanasema miaka ya tisini waliletwa wadudu wakala gugu maji mpaka likapungua. Kwenye gugu la zamani wadudu hao bado wapo, ila hili hawaligusi kabisa. Je, tukiwaokota na kuwamwaga huku watazoea?

JIBU: Marahaba, katibu. Hawatazoea. Mtawatoa penye chakula na kuwapeleka wakafe njaa.

Gugu maji la zamani, lile la maua ya zambarau, linaliwa na aina mbili za Neochetina, wadudu wa jamii ya fukusi waliotoka Amerika Kusini kama gugu lenyewe. Tanzania iliwaachia ziwani miaka ya tisini. Wazee wanasema kweli, ingawa wataalamu wanabishana hadi leo ni kiasi gani kilikuwa kazi ya wadudu na kiasi gani ni mawimbi na mawingu ya El Niño ya 1997/98. Ukitaka kujua kama wapo, angalia jani kwanza, maana mchana wadudu wenyewe hujificha. Utaona vidonda vidogo vya kahawia vilivyoparuliwa upande wa juu. Funza wao hutoboa kikonyo kile kilichovimba na kukulia humo ndani. Gugu lenu halina kikonyo cha namna hiyo, kwa hiyo hata mdudu mkubwa akilionja, funza hana pa kukulia. Na uchaguzi wake huo ndio uliofanya aruhusiwe: kabla ya kuachiwa alijaribiwa kwenye mimea mingine, mazao yakiwemo. Asiyechagua tungemkuta kwenye mpunga wa Magu.

Kwa maelezo yako na picha uliyotuma, hiyo ni Salvinia, kangaga linaloelea. Aina yake ndiyo siwezi kuitaja kwa picha ya simu iliyopigwa ukiwa umesimama mtumbwini. Najua hapa wengi huona sisi watu wa maabara tunapenda majina tu, basi ngoja nikueleze ya Kariba.

Bwawa la Kariba, kwenye mto Zambezi, lilipoanza kujaa, mwishoni mwa miaka ya 1950, Salvinia ililivamia, na kufikia 1962 ilifunika takriban kilomita za mraba 1,000. Wataalamu waliiita Salvinia auriculata. Kwa kufuata jina hilo wakaenda Trinidad na Guyana, wakakusanya wadudu wanaokula auriculata, wakaja kuwaachia Afrika. Matokeo yakawa hafifu. Mwaka 1972 mtaalamu wa mimea, D. S. Mitchell, akaonyesha kwamba gugu lile ni aina nyingine kabisa, akaliita Salvinia molesta. Ndipo Waaustralia wakalitafuta kwenye asili yake, kusini mashariki mwa Brazili, na huko wakampata fukusi mdogo mweusi. Wakamwachia Ziwa Moondarra, Queensland, 1980, na mwaka uliofuata gugu likawa limesambaratika. Hata fukusi huyo alidhaniwa kuwa mmoja wa wale waliokusanywa zamani kwenye auriculata. Jina lake, Cyrtobagous salviniae, alilipata 1985. Kwa hiyo jina lisilo sahihi liliwagharimu miaka mingi.

Cha kuanzia ni yale manyoya: hayatenganishi molesta na auriculata, ila hutenganisha kundi lao na Salvinia nyingine. Kwa lenzi ya mkono utaona kila unywele umegawanyika matawi manne, na ncha zake zimeungana tena juu kama mchapo wa kupigia mayai. Kwa aina za nje ya kundi hilo, kama Salvinia minima, ncha hubaki wazi. Tazama majani machanga, kwa sababu yaliyozeeka manyoya yake hukatika ukadanganyika.

Iwapo ni molesta, ujue haina mbegu. Spora zake, yaani chembe za uzazi za kangaga, ni tasa, na inaenea kwa vipande tu: kila kipande chenye chipukizi ni gugu jipya. Mkilikatakata kwa mapanga mnalizidisha. Kokoeni kwa nyavu za matundu madogo, mkianzia pembeni mahali lilipo changa, mlipeleke mbali na mawimbi likauke. Mtumbwi ukitoka hapo kwenda Ukerewe, safisheni pangaboi na nyavu kwanza. Dawa za kuua magugu msiguse, maji hayo mnakunywa. Na wadudu wa kigeni si wa kuagizana kwa basi: kuingizwa kwao nchini ni suala la mamlaka ya afya ya mimea, TPHPA, na hupitia karantini kwanza.

Nitumie sampuli. Chukua mimea kutoka sehemu tatu za ghuba, michanga na mizee. Mingi ifunge kwenye gazeti lililoloa, usiitie kwenye mfuko wenye maji, itaoza kabla haijavuka. Michache itie kwenye chupa ya spiriti, kwa sababu ukiikausha kwa kuikandamiza manyoya yanalala na hayasomeki tena. Ndani ya chupa weka kipande cha karatasi chenye tarehe, jina la mwalo na kina cha maji, kiandikwe kwa penseli. Wino wa kalamu huyeyuka kwenye spiriti, na sampuli isiyojulikana imetoka wapi hainisaidii kitu.